Breki za Tela la Mutesi

Tela la Mutesi liliingia mtaa wa Majengo likivutwa na trekta ya wakulima wa viazi, polepole, kama mgonjwa anayeshikwa mkono. Lilikuwa tela la kulala. Ndani lilikuwa na kitanda, jiko la gesi, sinki dogo na pazia la maua dirishani; nje, ubavu wote wa kushoto ulikuwa umechubuka mpaka bati likaonekana. Watu walitoka milangoni kulitazama. Kaltumu hakusimama. Alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya kibanda chake, alternata ya teksi imelala mapajani, bisibisi mkononi, na kwa kweli alikuwa amesinzia macho wazi.

Tangu mama yake apooze upande mmoja, Kaltumu alikuwa amesahau jinsi usingizi usiokatizwa ulivyo. Usiku kucha mama huyo, Bi Nuriati, alimwita kwa ajili ya maji, kwa ajili ya mto, kwa ajili ya mlango aliodhani haukufungwa. Kulipokucha Kaltumu alimwogesha, akampa uji, akamwacha na jirani yao Languida, muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, ambaye biashara yake humalizika mapema, kisha akatembea mpaka kibandani kufanya kazi aliyoijua tangu ujana wake: umeme wa magari. Taa, starta, alternata, nyaya zilizotafunwa na panya. Mikono ilifanya yenyewe, naye alishukuru kwamba inaweza.

"Shikamoo, dada Kaltumu," alisema Mutesi, akishuka kwenye trekta.

"Marahaba. Karibu."

Mutesi alikulia Karagwe, upande wa Tanzania, na ingawa wazazi wake walimrudisha Rwanda akiwa msichana, Kiswahili chake kilibaki na heshima za kule. Alikuwa mwanamke mwembamba, mchangamfu kwa kawaida, anayezungusha wageni: aliwalaza ndani ya tela lake kando ya ziwa kule Rubona, au juu kabisa Bugeshi, chini ya volkano, ambako baridi huwafanya walipende lile jiko dogo. Tela alilinunua kwa wazee wawili wasafiri ambao safari yao iliishia hapa, magoti ya mzee yalipokataa kuendelea. Leo hakuwa na uchangamfu wowote.

"Miezi miwili iliyopita nilikuwa nateremka Rugerero," alisema. "Nikakanyaga breki. Gari likataka kusimama, tela likakataa. Likanisukuma kwa nyuma kama mtu anayegombana na wewe. Nikaona nikiendelea nitaingia sokoni na kuua watu, nikakata kona nikalipeleka kwenye rundo la kokoto."

"Mutu aliumia?"

"Hapana. Ila kulikuwa na mama mmoja anauza parachichi pale kwenye kokoto. Aliruka. Namwona kila nikifumba macho. Viatu vyake vilibaki palepale."

Kaltumu aliiweka alternata chini. Alizunguka tela, akainama, akachungulia magurudumu kwa tochi ya simu. Breki zilikuwa za dramu, za kizamani, kutu imezila mpaka zimekuwa kama mkate uliokauka. Zisingesimamisha hata toroli.

"Nimeagiza mpya," Mutesi alisema, na kutoka kwenye trekta akashusha sanduku la mbao. "Breki za diski. Zimekuja kwa meli mpaka Dar, kisha kwa barabara. Nimeambiwa kwenye tela zito kama hili hakuna nyingine zenye nguvu kama hizi. Lakini kila fundi ninayemwonyesha anafunika sanduku."

Kaltumu alilifungua. Ndani mlikuwa na diski mbili zinazong'aa, kalipa za kuzibana pamoja na pedi zake, mabomba membamba, na pampu moja ya umeme yenye ukubwa wa kibuyu cha maziwa. Alikaa chini akasoma karatasi za maelekezo, zilizoandikwa Kifaransa kibovu, mpaka akaelewa. Dereva anakanyaga breki ndani ya gari. Kisanduku kidogo kilichofungwa karibu na usukani kinapeleka umeme kwa waya mpaka mbele ya tela. Pale pampu inaamka, inasukuma mafuta kwenye mabomba, na mafuta yanabana diski kwenye magurudumu. Nusu ya kazi ilikuwa umeme. Nusu nyingine ilikuwa mafuta.

"Nusu ya umeme mi naiweza," alisema. "Hii ingine si yangu. Inataka mutu wa breki."

"Nimeuliza mji mzima, dada. Wote wananitajia jina moja."

Kaltumu hakuuliza jina gani. Alikuwa amelibeba jina hilo karibu nusu ya maisha yake.

*

Hamdani alikuwa mume wake. Walifungua gereji pamoja, yeye kwenye umeme, Hamdani kwenye breki, na kwa miaka mingi lori lililoshindwa kwenye mteremko wa Rugerero lilikuwa linaletwa kwao. Kisha Hamdani akapata kazi kubwa Goma, ng'ambo ya mpaka, umbali ambao mtu anautembea kwa miguu. Mwanzoni alirudi kila jioni. Baadaye kila Ijumaa. Baadaye alifungua gereji yake kule Birere, na ikawa anarudi pale tu anapokumbuka. Hakukuwa na mwanamke mwingine wala matusi. Kila mmoja alikuwa na maneno yake, akayaweka, akasubiri mwenzake aanze. Binti yao Mwiza alipoolewa Kigali, Kaltumu alitazama nyumba ilivyo tupu akaomba talaka, na Hamdani akampa bila kuuliza kwa nini. Hicho ndicho kilichomuuma kuliko vyote, ingawa hakumwambia mtu.

Kisha vita vikaingia Goma. Hamdani alivuka mpaka pamoja na watu wengi, begani amebeba begi moja la spana. Gereji na kila kilichokuwamo kilibaki kule. Sasa alikuwa anafanya kazi chini ya paa la kuazima Rugerero, na Kaltumu alikutana naye kwenye maziko na kwenye sikukuu, wakasalimiana kama watu waliowahi kupanga nyumba moja.

Alimpigia simu akiwa amemgeuzia Mutesi mgongo.

"Mama Mwiza," sauti ya Hamdani ilijibu haraka. "Nani alikufa?"

"Hakuna mutu alikufa. Iko kazi."

Alisikia nyundo ikigonga chuma upande wa Hamdani.

"Ya breki?"

"Ya breki na umeme. Pamoja."

"Bon," alisema Hamdani. "Nitakuja."

Alikuja kwa moto, pikipiki ya abiria, begi lake mapajani. Alikuwa amekonda. Ndevu zake zilikuwa nyeupe zaidi kuliko siku ya Idi. Alisalimia, akauliza hali ya mama, akajibiwa kwamba yupo, halafu akalala chini ya tela, na Kaltumu akasikia pumzi yake ikitoka taratibu, kama alivyokuwa akifanya zamani anapokutana na ubovu unaomridhisha.

*

Kazi ilikuwa nzito na ilikwenda polepole. Mvua za msimu zilikuwa zimeanza. Kila mchana mawingu yalishuka kutoka kwenye volkano na ua wa Kaltumu ukawa tope. Walilipandisha tela kwenye jeki na stendi. Hamdani alizing'oa dramu za zamani kwa moto na nyundo, akasafisha ekseli, akapaka grisi kwenye beringi mpya, akaweka diski. Kaltumu alifunga pampu ndani ya kisanduku cha mbele ya tela, akapitisha waya wa ishara kutoka kwenye gari, akafunga kile kisanduku cha dereva chini ya usukani wa gari la Mutesi, mahali ambapo mkono wake ungekifikia bila kutafuta.

Walizungumza kwa maneno ya kazi tu. Nipe spana namba kumi na saba. Shika hapa. Sogeza tochi. Kaltumu aliona ni rahisi zaidi hivyo. Aliona pia kwamba Hamdani bado anaimba puani bila kujua, na kwamba bado anapangusa kila spana kabla ya kuirudisha begini, na akaamua kutotazama tena.

Kila adhuhuri alikimbia nyumbani kumgeuza mama yake, kumlisha na kumbadilisha nguo, kisha akarudi. Miguu yake ilivimba. Siku moja alisimama mbele ya tela na koleo mkononi, asikumbuke alikuwa anataka kukata nini.

Siku hiyo ndiyo iliyoharibu mambo. Pampu ilihitaji umeme mwingi, moja kwa moja kutoka kwenye betri ya tela, na betri ilikuwa nyuma kabisa, chini ya kitanda. Waya mnene ulitakiwa kupita chini ya sakafu yote, na mtu alale kwenye tope aubane kipande kwa kipande. Lakini chini ya sakafu tayari kulikuwa na waya mwekundu, ulioachwa na wale wazee wasafiri, uliokuwa ukiwasha taa ya mbele. Ulikuwa mwembamba. Kaltumu aliujua wembamba wake alipoushika. Alilitazama tope, akautazama waya, akauunga kwenye pampu. Alijiambia kwamba utatosha. Hamdani alikuwa upande wa pili wa tela, anakunja bomba. Aliinua macho, akayashusha.

Kisha wakatoa upepo ulionaswa ndani ya mabomba ya mafuta. Kaltumu aliketi kwenye gari, akasukuma kitufe cha kisanduku. Hamdani alilala karibu na gurudumu, akafungua skrubu.

"Bana," alisema Hamdani.

"Nimebana."

"Shikilia. Shikilia. Achia."

Mafuta yalitoka yakiwa na povu, kisha yakatoka masafi. Upande wa kushoto, kisha wa kulia. Zamani walikuwa wakiifanya kazi hiyo kwenye malori hata bila kusemezana, yeye kwenye pedali, Hamdani chini, na mmoja alijua mwenzake yuko wapi. Kaltumu alishangaa kuona kwamba bado wanajua.

*

Mutesi alilijaribu kwenye barabara tambarare ya upande wa uwanja wa ndege. Kaltumu na Hamdani walisimama kando wakatazama. Mutesi alikanyaga breki, pampu ikakoroma, na tela, badala ya kushika, likaja mbele kwanza, likampa gari kofi la mgongoni, ndipo likashika. Mutesi alirudia. Vilevile. Kisha akashuka.

"Ni kama siku ile," alisema. "Kidogo, lakini ni kama siku ile."

"Upepo umebaki kwenye bomba," Kaltumu alisema.

Hamdani alimtazama, kisha akatazama ardhi. "Inawezekana," alisema.

Walirudi uani. Hamdani alitoa upepo upya, magurudumu yote, kwa uvumilivu uleule, akimwaga mafuta mapya mpaka chupa ikaisha, wakaagiza nyingine. Mvua ilinyesha, akaendelea chini ya tela. Walijaribu tena. Hakuna kilichobadilika. Alilala chini akaanza tena, wala hakulalamika, na ukimya huo ndio uliomfanya Kaltumu asimame kutoka kwenye kiti cha gari. Hamdani hakuwa mtu wa kurudia kazi mara mbili. Alikuwa mtu wa kufanya mara moja na kuondoka.

Alichukua mita yake ya umeme. Alipima kwenye betri: umeme ulikuwa wa kutosha. Akapima kwenye pampu wakati Mutesi amebana kitufe. Namba ilianguka chini kama ndoo iliyokatika kamba. Umeme uliotoka kwenye betri ukiwa mzima ulikuwa unafika mbele umechoka, na pampu ilikuwa ikisukuma mafuta kwa nguvu za mgonjwa. Akaushika ule waya mwekundu. Ulikuwa wa moto.

"Baba Mwiza," alisema. "Toka huko chini."

Hamdani alitoka, amelowa, mafuta mpaka kwenye viwiko.

"Ni waya. Waya ni mwembamba."

Hamdani alipangusa mikono.

"Uliuona?" Kaltumu aliuliza.

"Niliuona."

"Siku ile naunga?"

"Siku ile."

"Na mchana wote huu unatoa upepo ambao haupo."

"Nilijua umechoka," alisema Hamdani. "Mi nikiangalia, naona mutu iko anaanguka akiwa amesimama. Sikutaka kukuongezea. Nikasema labda itafanya. Nikasema nikitoa upepo vizuri kabisa, labda itasaidia."

Mutesi aliingia ndani ya tela akajifanya anatafuta kitu kwenye kabati.

Kaltumu alitaka kupiga kelele, akakuta hana nguvu za kelele. Alikaa kwenye gurudumu la akiba. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Hii ni breki. Si mahali pa kunihurumia. Yule mama wa parachichi, ungemwambia nini? Fundi alikuwa amechoka, nikaona vibaya kumwambia?"

"Hapana."

"We uliona mambo mengi nyumbani kwangu ukanyamaza. Nilikuwa nadhani huoni. Sasa najua ulikuwa unaona."

"Nilikuwa naona," alisema Hamdani. "Na we pia ulikuwa unaona, Mama Mwiza. Ulinyamaza vilevile. Waya uliushika na mukono wako."

Hilo lilikuwa kweli. Mvua ilipungua. Kwa mbali moto zilipiga honi kwenye njia ya soko. Wakakaa hivyo, yeye kwenye gurudumu, Hamdani akiwa amechuchumaa, watu wawili wa makamo waliolowa, na kwa mara ya kwanza tangu talaka hapakuwa na chochote kati yao ambacho kilikuwa kikisubiri kusemwa.

"Donc," alisema Kaltumu, akisimama kwa kushika goti. "Naenda kununua waya."

*

Alikuwa chini ya tela, mgongo kwenye tope, anabana kipande cha tatu cha ule waya mnene, Languida alipokuja mbio akiwa bado amelishika beseni lake tupu la sambaza.

"Mama Mwiza, bibi ameteleza kitandani. Hajaumia, lakini mi siwezi kumuinua peke yangu, na anakataa wanaume wa jirani. Anasema hawajui."

Kaltumu alijaribu kutoka. Waya ulikuwa nusu umeshikwa, nusu unaning'inia. Akiuachia, wote ungeanguka na kazi ingeanza upya.

"Malizia," alisema Hamdani. "Mi naenda."

"Atakukataa."

"Anaweza." Alikuwa tayari anavua ovaroli.

Kaltumu alimaliza peke yake. Alibana, akafunga, akaunga upande wa betri na upande wa pampu, akaukwangua rangi mwili wa chuma mahali pa kufungia waya wa masi, ule wa kurudishia umeme, mpaka chuma kikang'aa, akaweka fyuzi kubwa. Hakuacha kitu. Alipopima, namba ilisimama bila kutikisika. Ndipo alipokimbia nyumbani, mgongo wote tope.

Alisimama kwenye mlango bila kuingia. Mama yake alikuwa ameketi kitandani, ameegemezwa mito pande zote, kanga imefungwa vizuri. Hamdani alikuwa kwenye kigoda mbele yake na bakuli la uji. Bi Nuriati, ambaye kumbukumbu zake siku hizi zilikuja na kwenda zinavyotaka, hakukumbuka talaka. Alikuwa anamgombeza.

"Unachelewa kurudi," alisema kwa ule ulimi wake mzito. "Kila siku Goma, Goma. Goma iko na nini?"

"Kazi, mama."

"Kazi. Na muke wangu... na mutoto wangu hapa analala kwenye kiti. Uliona mutu analala kwenye kiti na bibisi kwenye mukono?"

"Bisibisi, mama. Niliona."

"Sasa umeona, umefanya nini?"

Hamdani alichota kijiko, akakipuliza, akamlisha. Alimngoja ameze kwa upande wake usiopooza. "Sikufanya kitu, mama," alisema. "Nimechelewa."

"Eh," alisema Bi Nuriati, akaridhika, akafungua mdomo kwa kijiko kingine.

Kaltumu alirudi nyuma hatua chache mpaka ukutani, akasimama hapo akitazama nguo za jirani kwenye kamba. Machozi yalitoka bila kwikwi, kama maji yanavyotoka kwenye bomba lililosahauliwa wazi. Yalipokwisha alijifuta kwa kiwiko kwa sababu ndicho peke yake kilichokuwa safi.

*

Mteremko wa Rugerero waliushuka asubuhi, barabara ikiwa kavu. Mutesi alikuwa kwenye usukani, Kaltumu kando yake, Hamdani kiti cha nyuma, amegeuka analitazama tela kupitia kioo. Kabla ya kuondoka walikuwa wamejaribu pia kikamba cha dharura kilichokuja na breki mpya: Hamdani alikivuta, kama vile tela limekatika kwenye gari, na magurudumu yakagoma palepale. Trekta ya wakulima, iliyoitwa tena, ilijaribu kulivuta tela ikashindwa. Mutesi aliomba warudie mara ya pili, ayaone tena.

Juu ya mteremko alisimamisha gari. Ziwa lilionekana kule chini, na mapaa ya mji, na moshi wa viwanda upande wa Rubona.

"Siwezi," alisema.

Kaltumu alidhani Hamdani atasema neno. Hakusema. Basi alisema yeye.

"Nitakwambia kila kitu nilichofanya," alisema, na akamwambia: waya mwembamba alivyouunga, alivyojua na kufanya hivyo, jinsi alivyouondoa, mahali mpya unapopita, na namba aliyoiona kwenye mita. Hakuongeza wala kupunguza. "Sasa unajua ninachojua mimi. Kama hutaki kushuka, tutageuza."

Mutesi alishika usukani muda mrefu. Kisha akaweka gia ya chini akaanza kushuka.

Kwenye kona ya kwanza alikanyaga breki kwa woga, kidogo tu. Nyuma yao pampu ikanguruma kwa sauti nene ambayo Kaltumu hakuwahi kuisikia kwake, na tela likashika. Halikuwasukuma. Halikuwavuta. Lilipunguza mwendo pamoja na gari. Mutesi alikanyaga tena, zaidi. Vilevile. Walilipita lile rundo la kokoto. Mama wa parachichi alikuwepo, ameketi mita chache juu zaidi ya pale pa zamani, amejipangia mawe mbele ya meza yake. Alilitambua tela. Alisimama, akalifuata kwa macho mpaka likapinda, mkono mmoja umeshika meza.

"Nitarudi kumwona," Mutesi alisema. "Si leo. Leo siwezi kusimama."

Chini, kwenye tambarare, aliposimama hatimaye, aliweka kichwa juu ya usukani na kubaki hivyo. Hamdani alishuka, akapitisha kiganja karibu na diski kupima joto, kulia, kisha kushoto.

"Sawasawa," alisema. "Pande zote."

Hakuna aliyeshangilia. Kaltumu alihisi tu kitu kizito kikishuka kutoka mabegani, na nyuma yake ukafuata uchovu wote aliokuwa ameuzuia tangu sanduku lilipofunguliwa, ukamjaa mpaka kwenye vidole.

Walirudi uani. Mutesi aliwashukuru, akashikana nao mikono kwa mikono yote miwili, akaenda Bugeshi siku hiyohiyo na wageni waliokuwa wakimsubiri. Hamdani alipanga spana zake begini, akipangusa moja moja. Alichukua muda mrefu kuliko spana zenyewe zilivyohitaji.

"Mama Mwiza," alisema mwishowe. "Kule Rugerero wenye paa wanalitaka paa lao."

Kaltumu aliujua mwisho wa sentensi hiyo. Aliutazama ua kutoka ukuta mmoja mpaka mwingine. "Ua ni mukubwa," alisema. "Weka stendi zako pale upande wa ukuta. Kazi, tutafanya. Nyumba ni kitu kingine, Baba Mwiza. Usiniulize ya nyumba."

"Sikuulizi."

"Na ukiona kitu kibaya, sema. Hata nikiwa nimekufa kwa kuchoka."

"Nitasema," alisema Hamdani. "Basi nasema. Nenda ukalale. Languida iko na mama mpaka jioni, nimemuomba. Mi niko hapa."

Angebishana, lakini hakukumbuka kunabishanwa vipi. Nyuma ya kibanda kulikuwa na mkeka na magunia matupu. Alijilaza hapo akiwa na viatu vyake, akimaanisha kupumzisha mgongo tu.

Alipozinduka jua lilikuwa limehamia ukuta wa pili na hakujua yuko wapi. Nje kulikuwa na injini ya teksi inayotetema na dereva anayelalamika juu ya taa zake. Kisha akasikia Hamdani, akiwa ameshusha sauti kama mtu aliye karibu na mtoto aliyelala.

"Fundi analala," alikuwa akisema. "Rudi kesho. Ndiyo, kesho. Hapana, simwamshi."

Kaltumu alifumba macho tena.